Injini ya Punje Tatu

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi ya injini moja. Haikuwa kubwa. Ukiishika mkononi ilikuwa kama kopo dogo la maziwa, na ukiiwasha kwa nguvu zake zote ilisukuma kwa uzito wa punje tatu za mahindi. Mara ya kwanza nilipomweleza mama yangu hivyo, tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu kijijini Nyambureti, mbele ya turubai alilokuwa ameanikia mahindi. Akaokota punje tatu, akaziweka kwenye kiganja, akakipandisha na kukishusha kama muuza nyama anayekisia uzito.

"Hizi?"

"Hizo, mama."

"Ndizo zimekuchelewesha tangu Krismasi ya mwaka juzi?"

Nikamweleza kwamba huko zinakozunguka satelaiti hakuna hewa ya kukizuia kitu, kwa hiyo hata punje tatu zikisukuma bila kupumzika, mwezi baada ya mwezi, chombo kizima kinahama. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akazirudisha punje zake kwenye turubai na kusema kwamba hiyo ni kazi ya kuchosha. Hakukosea.

Nilizaliwa hapo Nyambureti. Baba alikuwa mkulima wa mtama na mihogo mwenye ng'ombe wachache, na mama aliolewa kutoka upande wa Tarime. Watoto waliokua tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Nikiwa darasa la sita nilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe nikavunjika mkono, nikalazwa hospitali ya Mugumu. Jioni walipowasha jenereta, taa ndefu ya mrija juu ya kitanda changu ilipepesa kwa muda mrefu ndipo ikawaka, na ncha yake moja ilikuwa nyeusi kama imefukizwa moshi. Nilimuuliza muuguzi kwa nini taa isiyo na moto inaungua. Akanijibu kwamba imezeeka tu. Sikuridhika, lakini alikuwa na wagonjwa wengi.

Jibu nilikuja kulipata chuo kikuu, Dar es Salaam, nikisomea uhandisi wa umeme. Ndani ya mrija ule mna gesi. Umeme ukipita, gesi inavuliwa elektroni zake na kuwa kitu kingine kinachong'aa, ambacho si gesi tena. Wanasayansi wanakiita plazma. Radi ni plazma, na ule mwanga mkali wa fundi anayechomelea mageti ni plazma pia. Na plazma hukila kile kinachoiwasha. Chembe zake hugonga ncha ya chuma iliyo ndani ya mrija na kuikwangua kidogo kidogo, na weusi ule wa Mugumu ulikuwa vumbi la vitu vilivyokwanguliwa. Mwalimu alilitaja jambo hilo kwa sentensi moja akapita. Mimi nilibaki nalo. Likanipeleka shahada ya pili, likanipeleka Ulaya kwenye shahada ya uzamivu, kisha kwenye kituo cha utafiti kilichotengeneza injini za umeme za satelaiti, ambako nilikaa mpaka nikaota mvi.

Injini hizo huchukua gesi adimu iitwayo zenoni, huigeuza kuwa plazma na kuirusha nje kwa kasi kubwa. Gesi ikienda huku, satelaiti inaenda kule. Shida ni kwamba chembe nyingine hupotea njia, zikagonga kuta za kauri za injini yenyewe na kuzila. Siku kuta zikiisha, injini imekufa, na huko juu hakuna fundi wa kupanda kuitazama. Kwa hiyo kabla ya kuirusha lazima uiwashe ardhini, ndani ya tangi lililonyonywa hewa yote, uiache iwake maelfu ya saa, uone kama itafika umri unaotakiwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Watu wakisikia mtafiti wa mambo ya anga hudhani niliishi katikati ya maajabu. Niliishi kwenye chumba kisicho na dirisha, kando ya tangi la chuma la ukubwa wa lori la mafuta, nikisikiliza pampu. Niliandika namba. Niliandika ripoti kuhusu namba hizo, halafu nikaandika barua za kuomba kibali cha kuandika ripoti nyingine. Kulikuwa na kioo kinene ubavuni mwa tangi, na ukichungulia uliona mviringo wa mwanga wa buluu uliotulia kabisa, haupepesi wala hautoi sauti. Mwanzoni nilichungulia kila siku. Mwaka wa nne nilikuwa nikipita pale bila kugeuza shingo.

Mwenzangu mle ndani alikuwa fundi wa pampu, mzee wa nchi ile ile, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Hakuwa na shahada yoyote. Asubuhi akifika aliweka kiganja juu ya kila pampu, moja baada ya nyingine, na akiuacha mkono juu ya moja kwa muda mrefu nilijua siku hiyo tutafungua bomba. Tulifanya kazi pamoja miaka minane na sidhani kama tuliwahi kuzungumza kwa nusu saa mfululizo. Hata hivyo yeye ndiye niliyemkumbuka zaidi nilipoondoka.

Jaribio letu refu la kwanza lilikufa mwezi wake wa tatu. Asubuhi moja mwanga wa buluu ulikuwa umezimika na injini haikukubali kuwaka tena. Tulitafuta siku mbili ndipo tukakuta mpira mwembamba wa kuzuia hewa umekaa upande chini ya mfuniko mmoja. Hewa kidogo sana, isingetosha hata kupeperusha unga, ilikuwa ikiingia na kuharibu kathodi, yaani ile sehemu inayotoa elektroni. Mfuniko ule nilikuwa nimeufunga mimi. Nilikuwa nimetoka kuandika ripoti siku tatu mfululizo bila kulala vizuri.

Nilimwambia mzee kwamba kosa ni langu. Aliufuta ule mpira kwa kitambaa, akautazama kwenye mwanga.

"Najua," alisema. "Nilikuona unaufunga. Nilitaka kukuambia upumzike kwanza, nikaogopa utakasirika."

Tukaanza upya. Kuanza upya kulichukua mwaka mzima, kwa sababu kila kipande kilitengenezwa kwa oda. Wakati huo ndipo ndoa yangu ilipokwisha. Nilikuwa nimeoa mwanamke wa huko, mwalimu wa muziki, mtu mpole. Hatukupata mtoto. Aliniambia mezani, bila hasira, kwamba amechoka kuishi na mtu ambaye hata akiwa nyumbani anasikiliza pampu. Nilimsaidia kufunga vitabu vyake kwenye maboksi.

Nyumbani nilikuja mara moja kila miaka miwili. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mdogo wangu, baada ya tembo kula shamba lote la mihogo misimu miwili, alimhamishia mama kwake Nkende, pale mjini Tarime, ambako ana chumba cha cherehani na hushona sare za shule. Kila nikija ilibidi twende Nyambureti kulitazama kaburi na nyumba, na kila tukifika habari zilikuwa zimetangulia kwamba daktari amekuja.

Neno daktari lilinipa taabu. Mwaka mmoja alikuja mzee kutoka kijiji cha Busawe, ametembea na mguu uliovimba. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti, akauinua mguu na kuuweka mbele yangu.

"Mzee, mimi si daktari wa watu."

"Wa ng'ombe?"

"Hapana. Ni daktari wa kusoma. Ninashughulika na injini."

Alifikiri kidogo. Sura yake haikuonyesha kukata tamaa hata kidogo. "Basi mguu tuuache. Mashine yangu ya kusaga ina wiki mbili haiwaki."

Nilienda. Ningekataaje? Watu walikuwa wamepanga madebe ya mahindi na ulezi mlangoni, na akina mama walinipisha njia kwa heshima ambayo sikuistahili. Ilikuwa injini ya dizeli ya kizamani, chuma kizito kilicholowa mafuta. Nilifungua nilivyojua kufungua, nikasafisha nilivyojua kusafisha, nikazungusha mpini mpaka mgongo ukauma. Saa tisa alasiri mtu mmoja akapiga simu Mugumu, akaja fundi kijana kwa pikipiki na spana nne mfukoni, akasikiliza mara moja, akafungua kibomba cha dizeli, akakipuliza kwa mdomo, na mashine ikawaka. Hakuna aliyenicheka. Mzee aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu, akaniambia nisijali, kila mtu ana eneo lake. Mguu wake niliupeleka mimi hospitali kesho yake, kwa gari nililokodi, na hilo ndilo jambo la maana nililofanya safari ile.

Jaribio la pili lilikuwa limeingia mwezi wake wa tano mdogo wangu aliponipigia. Ilikuwa mchana, nimesimama kando ya tangi. Kwa kawaida tuliongea Jumapili, kwa hiyo nilipoona jina lake siku ya Jumatano nilitoka nje ya chumba.

"Kaka, mama alipotea jana."

"Alipotea vipi?"

"Alitoka asubuhi mimi nikiwa kwa mteja. Tumemkuta barabara ya Sirari, amefika mbali, hana viatu. Anasema anakwenda kwao. Watu wa bodaboda ndio walionirudishia."

"Ameumia?"

"Miguu tu. Lakini kaka, hii si mara ya kwanza. Sikukwambia zile nyingine. Njoo."

Nilimwambia kwamba zimebaki wiki sita.

"Wiki sita za nini?"

"Za jaribio. Injini ikizimwa sasa tutakuwa tumepoteza kila kitu."

Nilisikia cherehani ya msaidizi wake ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. "Sawa," alisema, na akakata.

Ukweli ni kwamba ningeweza kwenda. Niliporudi chumbani mzee wa pampu aliuona uso wangu, nikamweleza, akaniambia niende, injini ataiangalia yeye. Aliijua kuliko mimi. Isingezimika kwa sababu mimi sipo. Lakini nilikuwa nimeipa ile kazi miaka mingi mno, na nilihofu kwamba nikiondoka na ikafa, nitamlaumu mama yangu kimoyomoyo, na nikiondoka na ikaishi, nitajua kwamba haikunihitaji. Yote mawili yalinitisha. Nikabaki.

Injini ilifika. Siku ya mwisho niligeuza swichi mwenyewe, mwanga ukafa, tukasubiri tangi lipoe ndipo tukafungua. Kuta za kauri zilikuwa zimeliwa zikabaki nyembamba kama ukucha, lakini hazikutoboka. Watu walikuja na keki wakailia kwenye korido. Mzee aliondoka mapema. Nilikwenda nyumbani kwa wiki mbili, nikamkuta mama ananitambua asubuhi na kunisahau jioni, nikajiambia hali si mbaya sana, nikarudi kazini kwa sababu sasa injini ilikuwa imekubaliwa kurushwa.

Kurushwa kulichelewa mara tatu. Kila mara kulikuwa na sababu ya msingi. Miaka mitatu ikapita hivyo, ya vikao na karatasi, na Jumapili zilizoanza na "mama amelala" na kuishia "haya kaka, kazi njema."

Hatimaye satelaiti ilipanda. Wiki chache baadaye tulikusanyika kwenye chumba chenye skrini, watu kama ishirini, kusubiri injini iwashwe kule juu kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na picha wala sauti. Kulikuwa na mstari wa kijani uliolala chini ya skrini, na mstari huo ukainuka, ukatulia pale tulipokuwa tumekokotoa utatulia. Watu walipiga makofi, mtu mmoja akanikumbatia. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi za dharura. Nilitarajia nitalia, au nitacheka. Nilichohisi ni kama mtu aliyebeba gunia kwa muda mrefu akaambiwa alitue, akalitua, halafu mabega hayakunyooka.

Nilimpigia mzee wa pampu, aliyekuwa amestaafu na kuhamia kijijini kwake.

"Imewaka," nilimwambia.

"Vizuri." Nikasikia mbwa akibweka upande wake. "Mama yako anaendeleaje?"

Nikamwambia sijui vizuri. Mwaka ule ule kituo kiliamua kujikita kwenye injini kubwa zaidi za aina nyingine, kikundi chetu kikavunjwa. Walinipa nafasi ya kuhamia kitengo kingine. Niliisoma barua yao mara mbili, nikajibu kwa mistari minne kwamba nashukuru, narudi nyumbani.

Nilifika Nkende saa sita mchana. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na futi ya kushonea shingoni. Alikuwa amekonda, na nywele zake za mbele zilikuwa nyeupe. Ana miaka sita pungufu kuliko mimi. Alinipokea begi, tukaingia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha, kitambaa safi kichwani.

"Shikamoo mama."

Alinitazama kwa muda, uso ukakunjuka, kisha ukakunjamana kwa hasira. Akaanza kuongea Kikurya haraka haraka. Kikurya changu kilikuwa kimeshika kutu, lakini nilielewa ya kutosha. Aliniita kwa jina la kaka yake, aliyefariki mimi nikiwa mtoto. Alisema nimeoa kwa ng'ombe wa mahari walioletwa alipoolewa yeye, na kwamba tangu siku ng'ombe wale walipoingia zizini kwetu sikuwahi kuvuka mto kuja kumwona, hata alipojifungua, hata alipozika watoto. Alisema mke wangu anakula na kushiba, na yeye aliyetolewa kwa ajili yake hakuna anayeuliza kama yuko hai.

Nilimgeukia mdogo wangu. "Nimjibu nini?"

"Mwambie umekuja," alisema. "Mimi nilikuwa nambishia. Haisaidii."

Nikapiga magoti, nikamwambia kwa Kikurya changu kibovu kwamba nimechelewa, ila nimekuja. Akaniambia nikae, njia ni ndefu.

Jioni ile, mama akiwa ameshalazwa, mdogo wangu aliniwekea ugali na dagaa. Alikaa mbele yangu bila kula.

"Wiki sita zako zilikuwa miaka mitatu," alisema. Hakupaza sauti. "Sijakwambia ili uumie. Nataka tu nilitamke mbele yako, kwa sababu nimelitamka peke yangu kwenye hii cherehani siku nyingi."

Nikasema naomba anisamehe. Akasema bado hajajua, amechoka mno kujua, na nile, chakula kinapoa.

Wiki ya pili aliniambia kuna harusi Mugumu, ya mtoto wa rafiki yake wa shule, na kwamba hajalala nje ya nyumba ile kwa muda mrefu sana. Nilimwambia aende siku nne. Alinitazama kwa mashaka ambayo nilistahili, akaandika kwenye karatasi ya daftari dawa gani saa ngapi, akaondoka asubuhi na gauni lake kwenye mfuko.

Ndipo nilipojua jinsi nisivyofaa kitu. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, hilo kwetu halina mjadala, kwa hiyo asubuhi na jioni alikuja jirani, mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitenge, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Mimi nilisubiri nje uani kama mgeni, nikisikia maji na sauti yake akimwambia mama taratibu, "Inua mkono, bibi yangu, hivyo hivyo." Akimaliza alinifungulia mlango na kuniambia, "Tayari, ndugu yangu, karibu kwako." Kazi yangu ilibaki kumlisha uji na kuhakikisha geti limefungwa. Hata uji nilikosea, nilimpa wa moto.

Siku ya tatu alikataa kula. Aligeuza uso ukutani na kufumba mdomo. Nilikuwa na kijiko mkononi, nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka kando ya tangi, na kwa kukosa la kusema nikamuuliza, kama vile mimi kweli ni kaka yake, "Na yule mwanao wa kiume yuko wapi siku hizi?"

Akageuka. "Yuko Ulaya."

"Anafanya nini huko?"

"Ana kitu kinawaka, hakitakiwi kuzimika." Aliongea kwa Kiswahili sasa, polepole, kama anayemfundisha mtu mgumu wa kuelewa. "Akitoka tu, kinazimika. Mwaka mmoja kilizimika akaanza upya. Alikonda yule."

"Mbona haji kukuona?"

"Nilikataza asiitwe. Nilimwambia huyu binti, nikipotea nitafute wewe, yule mwache na moto wake. Huyu binti hasikii. Akapiga." Alininyooshea kidole. "Wewe usimpigie. Akija atakuta niko hivi, na kule kitazimika."

Nikamwambia sitampigia. Akafungua mdomo, nikamlisha. Alimaliza bakuli lote. Nilipopeleka bakuli uani nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka jirani alipokuja jioni akanikuta pale, akanipita bila kuuliza, akaingia kwa mama.

Mdogo wangu aliporudi nilimweleza. Aliketi kitandani na mfuko wa gauni mapajani. "Ni kweli," alisema. "Alinikataza mara nyingi, alipokuwa bado na akili yake. Siku ile nilikupigia kwa siri, nikiwa kwenye cherehani, akaja kujua baadaye. Nilikuwa siwezi tena peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia kwamba alikukataza?"

"Ningekuambia ungebaki huko na moyo mweupe."

Kuanzia juma lililofuata tulipanga zamu bila kujadiliana sana. Asubuhi zikawa zangu, yeye akarudi kwenye cherehani tangu saa mbili, na jirani akaendelea na yale ambayo ni ya wanawake. Nilijifunza uji. Nilijifunza kwamba mama akiambiwa mvua inakuja hukubali kuingia ndani. Kikurya changu kilirudi kidogo kidogo, kwa makosa mengi, na majirani walinisahihisha huku wakiniita mura, yaani kijana, kana kwamba nina miaka ishirini. Mama hakunitambua tena kama mwanawe. Mara nyingi nilikuwa kaka yake, mara nyingine mtu tu aliyekuja kumsalimia, na siku moja nilikuwa karani wa pamba.

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi. Alifariki asubuhi ya mvua, mdogo wangu akiwa amemshika, mimi nikiwa nimetoka kununua mkaa. Tulimzika Nyambureti kando ya baba. Mzee wa Busawe alikuja na fimbo, mguu umekatwa chini ya goti, akanishika mkono muda mrefu.

Sasa nafundisha fizikia sekondari moja hapa Tarime, siku tatu kwa wiki. Maabara ina betri chache na mita mbili, moja haisomi. Mwenzangu mmoja wa zamani huniandikia mara chache. Barua yake ya mwisho ilisema injini bado inawaka, imepita muda tulioikadiria, na aliniuliza kama ningependa kushiriki kuandika makala ya pamoja kuhusu jinsi kuta zake zinavyoliwa. Sijamjibu. Si kwa hasira. Kila nikifungua kompyuta nakuta kuna daftari za wanafunzi hazijasahihishwa.

Juzi mdogo wangu alikuwa akihamishia cherehani ya pili kwenye chumba alicholala mama, akaniomba nimsaidie kuiinua. Tuliiweka chini ya dirisha. Alipumua, akaegemea ukuta.

"Utarudi huko?" aliniuliza.

"Nimechoka."

"Hata mimi." Alipangusa vumbi kwenye meza ya cherehani kwa ncha ya kanga. "Kuna oda ya sare sitini, shule zinafunguliwa Jumatatu. Unajua kushona vifungo?"

Nikasema najua. Akanipa kopo la vifungo na sindano, tukakaa.